Wawili wawili mpaka Korogwe

Chuo kimefunguliwa, Mlimani pamejaa tena, kelele za koridoni zimerudi, na mimi nimerudi na miguu isiyokuwa yangu. Tangu juzi kila ninayekutana naye ananiuliza kwa nini nashuka ngazi za hosteli kiubavuubavu kama kaa. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nawajibu wote kwa mpigo: Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye mashindano ya baiskeli, Handeni mpaka Korogwe. Ndiyo, mimi huyuhuyu. Mkimaliza kucheka tuendelee.

Kwa wale ambao Tanga wanaijua kwa machungwa tu: Handeni na Korogwe ni majirani. Kwa barabara ya lami, mji hadi mji ni kama kilomita 65. Handeni imekaa juu, kama mita 700 kutoka usawa wa bahari, na Korogwe iko chini bondeni, kando ya Mto Pangani, kama mita 300 hivi. Mtu wa ramani atakwambia, aah, huo si mteremko mtupu? Ramani haikwambii kwamba kabla ya kushuka kilima kimoja unapanda viwili. Wala haikwambii habari ya mchanga, wala mbigili, wala jua la Septemba la Uzigua, ambalo ikifika saa tatu asubuhi hata mbuzi wanagombania kivuli.

Mashindano yenyewe msiyafikirie yale ya kwenye tivii. Hamna mabango, hamna mdhamini, hamna mtu anayegawa fulana. Ni mafundi baiskeli na vijana wa mtaani walikaa wakachangishana, wenye maduka wakaongezea kidogo, basi. Kiingilio elfu kumi kwa jozi. Mshindi wa kwanza laki tatu taslimu, wa pili laki moja, wa tatu tairi mbili mpya na tyubu zake. Njia si ya lami, kwa sababu kule kuna mabasi na malori. Tunapita njia za ndani, za mashambani na za mkaa, tunaibukia Misima, tunaibukia Sindeni, halafu tunashuka porini, lami tunaigusa kipande cha mwisho tu.

Sheria ni tatu. Baiskeli iwe ya kukanyaga, ya aina yoyote. Msaada wowote njiani upewe na mwenzako tu, si mtu mwingine. Na ya tatu ndiyo yenye mambo: mnakwenda wawili wawili, na muda wenu unahesabiwa pale tairi la nyuma la mtu wa pili linapovuka mstari. Yaani hata kama una mapafu ya farasi ukafika saa mbili, mwenzako akifika saa sita, nyinyi mmefika saa sita. Fundi mmoja mzee alituambia sababu. Zamani watu walikuwa wanashindana mmoja mmoja, mwaka mmoja jamaa akaanguka porini akavunjika mguu, akaja kuonekana jioni na wachunga ng'ombe. Tangu hapo wakasema hamna mtu kwenda peke yake.

Sasa nije kwa mwenzangu. Ni mtoto wa mjomba, kaka yake mama, na amenizidi miaka saba. Mimi namwita Binamu na yeye ananiita Binamu, basi mtaa mzima unatuita Mabinamu. Kazi yake ni kuuza maji. Handeni, kama hamjui, ni mji wa kiu. Maji ya bomba yanavutwa kwa mradi wa siku nyingi unaoitwa HTM, kutoka Mto Pangani huko chini upande wa Korogwe, yanapandishwa mpaka juu. Siku bomba halitoi, watu wanarudi kwenye madumu, na madumu yanabebwa na akina Binamu. Ana Phoenix nyeusi ya Kichina, aliyorithi kwa mjomba, na kwenye ile baiskeli anafunga madumu sita ya lita ishirini. Pigeni hesabu: hizo ni kilo 120, mbali na baiskeli. Hapo hapandi, anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mmoja kwenye siti, kilomita tatu, nne, mara tano kwa siku.

Nauli yangu ya kwanza ya kuja chuo ilitoka kwenye keria hiyo. Na godoro. Na ile ndoo ya bluu ambayo mnaiazima kila siku mkidhani ni ya hosteli.

Mnajua utani wa binamu ulivyo. Mimi na huyu jamaa tulikuwa hatuwezi kukaa dakika mbili bila kutukanana. Lakini tangu nije chuo, utani ulianza kukauka. Haukukatika siku moja, ulipungua kama kisima. Nikifika likizo, Binamu ananyanyuka ananipisha kigoda, yeye anakaa kwenye gunia. Akaanza kuniita "msomi", na si kwa kejeli, hapo ndipo panapouma. Nikimtania anacheka kwa adabu, kama mtu anayemchekea mwalimu. Tukikaa jioni tunaongea habari za mvua na bei ya mahindi kama abiria wawili waliokutana stendi.

Kwa hiyo aliponipigia simu kuniambia kuna mashindano na anataka twende wote, nilishangaa. Nilishangaa zaidi nilipofika na kusikia kwamba kuna kijana mmoja wa mkaa, jamaa ana mapaja kama vinu, alimfuata Binamu mwenyewe akamwomba wawe jozi. Mtaa mzima ulijua wakiungana wale wawili laki tatu imeshapata mwenyewe. Na Binamu ile laki tatu alikuwa anaihitaji, si kwa kuponda raha. Siku hizi maji yanabebwa na toyo, zile pikipiki za miguu mitatu, safari moja inabeba madumu anayobeba yeye siku nzima. Yeye na rafiki yake walikuwa wanadunduliza wanunue toyo iliyotumika, na fungu lake lilikuwa limebakia kama laki tatu kutimia. Akamkataa kijana wa mkaa. Akasema, "Mi naenda na binamu yangu." Mjomba alimwangalia kama mtu aliyeuza ng'ombe akanunua njiwa.

Mimi nilikuwa na baiskeli ya milimani, niliazimwa na mshikaji wa kitivo cha uhandisi (asante sana ndugu, imerudi salama, imepungua rangi kidogo tu). Ina gia kumi na nane. Niliipandisha basi pale stendi ya Magufuli, Mbezi, konda akaniambia baiskeli nayo ni abiria, tukabishana mpaka akachoka. Jioni ya Ijumaa tukaziweka baiskeli mbili uani, ya kwangu ina rangi tatu, ya Binamu ina kutu na nidhamu. Akachuchumaa akaanza kuziangalia gia. Mnajua mimi nasoma fizikia, nikaona leo ndiyo siku yangu. Nikahesabu meno ya Phoenix: mbele 48, nyuma 20. Maana yake ukizungusha pedeli mara moja, tairi linazunguka mara mbili na nusu kasoro, unakwenda zaidi ya mita tano. Ya kwangu kwenye gia ndogo kabisa, meno 28 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja ni mita mbili tu. Nikamweleza kwamba kwenye mlima mimi nitakuwa nazungusha mara mbili na nusu ya yeye, lakini kila mzunguko ni mwepesi, yeye kila mzunguko ni kama kupanda ngazi nzima kwa hatua moja.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo mimi ndiye nitakayechoka."

Nikasema kwa fizikia, ndiyo.

Akasema, "Haya, msomi." Akaenda kutafuta mpira wa kufungia mzigo.

Usiku hatukulala mapema. Mjomba alikuwa ametupikia bada kwa mboga ya majani, tukala mpaka tukashindwa kuinama. Nikamwambia Binamu kwamba hii sheria ya wawili wawili si ya Handeni tu. Afrika Kusini, kule Western Cape, kuna mashindano yanaitwa Cape Epic, yalianza mwaka 2004. Watu wanakanyaga siku nane mfululizo, zaidi ya kilomita 600, na ukijumlisha vilima vyote wanavyopanda wiki hiyo ni kama kuupanda Kilimanjaro kutoka baharini mara mbili na nusu. Na wote wanakwenda jozi jozi. Wakati wote mwenzako asiwe mbali na wewe zaidi ya dakika mbili, mkiachana mnaongezewa muda kama adhabu.

"Wanalipwa?" Binamu akauliza.

Nikamwambia wachache wanalipwa, wengi wanalipa wao, tena pesa nyingi, ili waruhusiwe kushiriki.

Akakaa kimya, akasema, "Yaani mtu analipa ili ateseke hivi ninavyoteseka mimi bure?" Tukacheka wote, kicheko cha zamani kidogo.

Nikamwambia na habari za Wanyarwanda. Mwaka 2007 walikwenda Cape Epic, wakiwemo Adrien Niyonshuti na Nathan Byukusenge. Niyonshuti alikuwa mtoto mdogo wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, akapoteza kaka zake sita. Mwaka 2012 alibeba bendera ya Rwanda kwenye Olimpiki ya London, akashindana kwa baiskeli ya milimani, akamaliza wa 39. Miaka minne baadaye, kule Rio, akaenda Byukusenge. Na kwenye ile timu ya mwanzo ya Rwanda kulikuwa na watu waliowahi kuishi kwa kubeba abiria kwenye baiskeli. Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika. Hapo Binamu akaacha kutafuna. Akauliza, "Kubeba abiria kwenye keria? Kama sisi?" Nikasema kama nyinyi. Akasema, "Wa 39 si mbaya." Akaingia ndani kulala.

Asubuhi saa kumi na mbili tuko Chanika, jozi kumi na tisa. Wapo wauza maziwa, wapo wauza mkaa, wapo mafundi, kuna walimu wawili wa sekondari wamevaa kofia ngumu, kuna wazee wawili wana umri wa mjomba wangu na Swala za zamani ambazo naamini ni kubwa kuliko mimi kiumri. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, mpaka tumbo likatulia. Kipenga kikalia.

Kilomita za mwanzo ni sherehe. Kuna baridi, watoto wanakimbia pembeni wanapiga kelele, kila mtu ni shujaa. Kijana wa mkaa na mwenzake wakatoka kama wamefukuzwa na nyuki, vumbi lao ndilo tulilokula robo saa nzima. Mimi nikataka kuwafuata, Binamu akasema, "Waache. Njia haijaanza." Kweli, haikuwa imeanza. Ilianza tulipoingia kwenye mchanga.

Mchanga wa njia za mkaa ni kama unga wa sembe. Tairi la mbele linakwenda linakotaka lenyewe, wewe unabaki kumwomba Mungu. Tairi zangu ni pana, zina meno, nikawa napita. Binamu na tairi zake nyembamba akawa anashuka, anabeba baiskeli begani, anakimbia, anapanda tena. Kubeba anakujua. Kila nikigeuka yuko palepale nyuma yangu, pumzi zake nazisikia. Vilima navyo hivyohivyo. Mimi nakaa kwenye siti nazungusha mizunguko yangu midogo kama cherehani, yeye anasimama juu ya pedeli, anaegemea kulia, anaegemea kushoto, Phoenix inalia kwikwi kwikwi, na tunafika kileleni pamoja. Fizikia ilikuwa sahihi kabisa, ila haikuwa imemuuliza Binamu amesukuma kilo 120 kwa miaka mingapi.

Kabla ya Misima tairi lake la nyuma likaingia mbigili. Pancha. Wadau, kama hamjawahi kumwona muuza maji akiziba pancha hamjaona kitu. Alikuwa na vijiko viwili vya kulia, akatolea tairi kwa vijiko. Sisi wengine tunatafuta tundu kwa kuzamisha tyubu kwenye beseni la maji. Handeni maji hayachezewi namna hiyo. Alijaza upepo kidogo, akaipitisha tyubu polepole mbele ya jicho lake, kope zikaguswa na upepo, akasema "hapa". Akakwaruza kwa kipande cha msasa, gundi, kiraka, akasubiri huku anahesabu kwa sauti, akarudisha. Mimi kazi yangu ilikuwa kupiga pampu. Dakika nane. Jozi tano zilitupita, na wale wazee wa Swala walipopita wakatusalimia kwa heshima zote.

Sindeni tulifika jua limeshakuwa kali. Wenyeji wameweka meza, kuna maji, machungwa yaliyokatwa, na mihogo ya kuchoma. Nikanywa maji niliyochanganya na chumvi na sukari, nikamwagia kichwani nusu kikombe, mama mmoja akaniangalia vibaya kwa kuyamwaga. Tukaambiwa tuko wa sita. Kutoka pale ukipanda kidogo unaanza kuiona milima ya Usambara mbele yako, ya bluu, imekaa nyuma ya Korogwe kama ukuta. Unafurahi, unasema tumefika. Hamjafika. Ile milima inakaa palepale saa nzima, haikui wala haisogei.

Hapo ndipo miguu yangu ilipogoma. Tulikuwa tumewapita walimu, tumewapita na jozi moja ya mafundi ambao cheni yao ilikatika, sasa tuko wa nne. Kwenye kilima kimoja, si kikubwa hata, paja la kulia likakaza kama mtu amelifunga kamba kwa ndani. Nikalegeza, likaachia. Nikakanyaga tena, likakaza na la kushoto. Nikaanguka nayo baiskeli pembeni kwenye majani makavu. Nimelala chali, naangalia angani, nalia bila machozi maana maji yote yalikuwa yameisha mwilini.

Binamu akanishika kisigino, akaunyoosha mguu, akausukuma vidole kuelekea kwangu, kama wanavyowafanyia wachezaji wa mpira. Ukaachia. Nikasimama, nikajaribu, ukakaza. Mara tatu. Huku nasikia sauti za watu nyuma yetu, wanakuja.

Nikamwambia, "Binamu, mi basi. Nenda. Angalau wewe ufike."

Akanitazama kwa muda. Halafu akafoka, "Nifike niwaambie nini? Muda wangu uko kwenye tairi lako la nyuma, bwege wewe! Amka!"

Bwege. Wadau, miaka mitatu sijaitwa bwege na huyu mtu.

Akafungua ule mpira wa kufungia mzigo, ukanda mrefu uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Upande mmoja akafunga kwenye keria yake, upande mwingine akaupitisha kwenye shingo ya usukani wangu. Akanipa maelekezo kama anampa mtoto: usikanyage, shika breki taratibu tukishuka, usiutazame mpira, nitazame mgongo wangu. Akapanda. Mpira ukavutika, ukavutika, nikaanza kutembea. Meno 48 kwa 20, gia moja, mtu mwingine nyuma, na kilima. Nilikuwa nikiona misuli ya migongo ya miguu yake inavyojifunga na kufunguka. Hakusema neno mpaka juu.

Kwenye mteremko nikapata nafasi ya kumuuliza. Nikasema, kwa nini hukwenda na yule wa mkaa? Sasa hivi ungekuwa unahesabu hela.

Akajibu bila kugeuka. "Yule ana nguvu. Lakini sijawahi kumwona akimngoja mtu." Akanyamaza, tukapita shimo, akaendelea. "Na wewe nilitaka nikuone unatoka jasho. Miaka mitatu nakuona umekaa tu kwenye kigoda."

Nikamwambia kigoda unanipisha mwenyewe.

Akasema, "Na wewe unakikalia."

Tulikwenda hivyo karibu saa nzima, vilima ananivuta, tambarare najikanyagia polepole, mteremko tunaachia. Na hapo nikaielewa ile sheria. Watu tunamwonea huruma anayevutwa, lakini mwenye kazi ngumu ni yule mwenye nguvu. Mimi nilikuwa napambana na paja langu tu. Yeye alikuwa anapambana na kilima, na mzigo, na laki tatu inayokwenda mbele yake, na bado ahakikishe mimi sijioni mzigo. Hakunitupia hata jicho moja la lawama. Matusi alinitupia mengi, lakini yale ni mengine.

Karibu na lami, chini ya mkwaju mkubwa, tukamkuta nani? Kijana wa mkaa. Amekaa peke yake, baiskeli imelala, chupa ya maji tupu mkononi. Alikuwa amefika pale zamani, akiwa wa kwanza kabisa. Mwenzake alikuwa amemwacha huko nyuma baada ya Sindeni, na kwa sheria hana la kufanya. Nasi wakati ule tulikuwa tumempita huyo mwenzake, yuko kwenye kivuli kingine anatapika. Binamu akasimama, akampa nusu ya maji yetu, akamwambia mwenzako yuko nyuma, kilomita kama nne, mrudie, hali yake si nzuri. Jamaa akaangalia njia ya Korogwe, akaangalia njia tuliyotoka. Sijui aliwaza nini, ila aliinuka akageuza baiskeli akarudi. Baadaye waliingia wote wawili, wa tisa, na mwenzake alikuwa amekaa kwenye keria. Nilimheshimu pale.

Lami ikatupokea, na upepo wa usoni. Binamu akanifungua mpira, akasema sasa kaa nyuma yangu, karibu, tairi lako na langu vidole vitatu. Ukikaa hivyo upepo unampiga aliye mbele, wewe unajificha kwenye mgongo wake. Mtu wa fizikia alipaswa kuyasema hayo, lakini alikuwa hana pumzi. Tukavuka Mto Pangani, maji yake mekundu yanakwenda zake kwa ulegevu. Nikawaza, haya ndiyo maji yenyewe, haya yanayopandishwa mpaka Handeni, halafu Binamu anayabeba kwenye keria mpaka kwenye mitungi ya watu. Na leo ametoka nayo huko juu mikono mitupu, amebeba mimi.

Mstari ulikuwa kiwanjani karibu na stesheni. Korogwe ni mji wa reli, treni ilifika hapa mwaka 1902, na watu wake wamezoea kutazama watu wanaowasili, walikuwa wamejaa. Saa tano kasoro dakika kumi. Tairi lake likavuka, halafu langu. Wa tatu! Wa kwanza walikuwa ndugu wawili wauza maziwa, wa pili wale wazee wa Swala, ambao walikuwa wameshanawa, wamekaa kwenye benchi wanamenya machungwa.

Kwa hiyo laki tatu hatukuipata. Nawaambia hivyo kwa sababu najua mlikuwa mnaingojea. Tulipata tairi mbili na tyubu zake, nikamwambia Binamu chukua zote. Akafunga moja nyuma kwenye Phoenix, ya pili akamuuzia fundi palepale, tukala wali na samaki kwa hela hiyo, tukalipa lori la kuturudisha Handeni na baiskeli zetu juu ya magunia. Toyo itangoja. Rafiki yake hakufurahi, na sina la kumwambia. Nimeanza kuweka kidogo kidogo M-Pesa kila wiki, kwa sababu hesabu ya nauli, godoro na ndoo ya bluu haijawahi kufungwa. Binamu nikimwambia atakataa, basi namtumia rafiki yake moja kwa moja.

Jumapili asubuhi niliamka nashika ukuta. Nikatoka uani kuaga. Binamu alikuwa ameshapiga safari mbili za maji, amekaa kwenye kigoda anakunywa uji. Akaniona nakuja kwa mwendo wangu wa kaa. Hakunyanyuka. Akanionyesha gunia kwa kidole gumba, akasema, "Kaa hapo, Binamu, kabla hujaanguka tukachekwa na majirani." Nikakaa. Akanipasha habari zote za mtaa za miaka mitatu, nani kamwoa nani, nani kamkimbia nani, ambazo msomi alikuwa haambiwi.

Wazee wa Swala wamesema mwakani wapo. Sisi pia tumeshajiandikisha, kwa maneno tu, kiingilio bado. Kuanzia wiki ijayo nitakuwa napanda na kushuka kilima cha chuo kila alfajiri kabla ya kipindi cha kwanza. Mwenye baiskeli aje tuwe wawili, mwenye baiskeli mbili aje haraka zaidi. Haya, ngoja nikapige msuli, kuna nondo za maabara zinaningoja, na maktaba iko ghorofani. Nianze kupanda sasa hivi ili nifike kabla hawajafunga.